Mtoto Asiyeambiwa

Januari shuleni kwetu ilikuwa na vurugu zake. Mabasi ya mikoani yanaingia stendi alfajiri, na ikifika saa mbili asubuhi geti limeshajaa wazazi wenye masanduku ya bati, magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, na ndoo mpya zilizoandikwa jina la mtoto kwa rangi ya kucha. Nilikuwa mlezi wa bweni katika shule ya msingi ya viziwi, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kupokea wageni.

Mtoto anayesikia, akipelekwa bweni, huwa amekwishalijua jambo hilo wiki kadhaa kabla hajaondoka. Amemsikia baba akilalamikia nauli, shangazi akimtania kwamba atakula makande mpaka ayakimbie, mama akimwambia Juni utarudi. Mtoto kiziwi amevalishwa nguo mpya asubuhi moja akapandishwa basi. Kwa anavyoijua dunia yeye, nguo mpya na safari ni harusi, au sikukuu, au hospitali. Anashushwa mahali penye watoto wengi wanaorusha mikono. Anapewa uji. Akigeuka, mama hayupo.

Wazazi walikuwa wanashauriana kabisa pale getini: "Ondoka akiwa anakula, akikuona atalia." Na kweli, ukiondoka hivyo hapalii mtu. Kilio kinakuja usiku, na hakifanani na kile cha mtoto aliyemkumbuka mama yake. Huyu hajui kama mama amekwenda dukani, amekufa, au amemtupa. Ana miaka saba au nane, wengine kumi kwa sababu walifichwa nyumbani au wazazi hawakujua kama kuna shule, na hana lugha hata ya kuulizia. Wapo waliokuwa wakiamka tu wanakwenda kushika chuma cha geti, na uji wao tunawapelekea palepale.

Tukabadilisha utaratibu. Mzazi haruhusiwi kutoroka. Anapigwa picha na mwanawe, picha inasafishwa mjini, halafu tunachukua ile kalenda kubwa ya ukutani na kuibandika picha kwenye tarehe ya kufunga shule, pembeni tunachora basi. Mama anaaga mtoto akimtazama: anaonyesha picha, anaonyesha tarehe, anaondoka anaonekana. Kelele za hapo usiniulize. Lakini kesho yake asubuhi mtoto anashikwa mkono, anapewa kalamu, anafuta siku moja. Baada ya wiki mbili anakuja mwenyewe kudai kalamu. Tulikuwa na mmoja aliyekuwa akifuta siku mbilimbili ili mama awahi, mpaka wenzake wakamshitaki kwamba anaiba tarehe.

Ile kalenda ndiyo iliyonifunza karibu yote ninayoamini kuhusu roho za watoto hawa. Watu wakiniuliza kinachomuumiza mtoto kiziwi hutegemea nitasema ni kutosikia ndege au muziki. Aliyezaliwa hivyo hana habari na ndege. Kinachomtesa ni kutoambiwa.

Watoto viziwi walio wengi sana wana wazazi wanaosikia. Marekani, ambako jambo hili limehesabiwa vizuri, ni zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo nyumba nzima inaongea juu ya kichwa chake. Familia imekaa jioni, mjomba amesema jambo, watu wanacheka mpaka machozi. Mtoto anamvuta dada yake mkono: nini? Dada anapunga kiganja: baadaye. Hiyo baadaye sijapata kuiona ikifika. Mwenzake anayesikia anaokota habari za dunia bila kufundishwa na mtu: kwamba mahindi yamepanda bei, kwamba baba anadaiwa, kwamba bibi kifua kimembana tena. Kiziwi anaona matokeo tu. Anaona mama analia, anaona vyombo vinapakiwa, anaona mbwa hayupo. Mtoto wa namna hiyo ataishi bila hofu kwa lipi?

Na wapo wale ambao walisikia, halafu wakaacha kusikia: homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, au dawa kali za sindano kama gentamaisini, ambazo zinaokoa maisha na wakati mwingine zinaondoka na masikio. Hao huzuni yao ni nyingine, maana wanajua walichopoteza. Mama zao nao wana la kwao. Nimekaa na mama aliyekuwa hawezi kumtazama mwanawe usoni kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka kuchomwa sindano. Mtoto aliuona uso ule unaomkwepa akautafsiri anavyojua. Ilibidi mama aambiwe kwanza, na daktari, tena mara kadhaa, kwamba bila sindano ile asingekuwa na mtoto wa kumkwepa. Ndipo na mtoto naye akaambiwa.

Lililo gumu kuliko yote ni msiba. Jioni moja baba wa binti mmoja wa darasa la nne alinipigia simu.

"Mama mlezi, shikamoo."

"Marahaba baba. Habari za huko?"

"Si nzuri sana, mama. Bibi yake ametutoka jana. Kesho tunazika. Ila naomba msimwambie, atavurugika masomo. Akija likizo atajionea mwenyewe."

"Atajionea nini, baba?"

Akanyamaza kidogo. "Ataona hayupo."

Bibi huyo ndiye aliyemlea. Walikuwa na alama zao za nyumbani ambazo hakuna mwingine aliyezijua, za kuku, za kisima, za mzee mmoja jirani aliyekuwa mkali. Nikampa baba pole za msiba, kisha nikamwambia kwamba binti ana haki ya kulia siku moja na ndugu zake. Alikubali kwa shingo upande.

Nikamwita mwalimu wetu ambaye naye ni kiziwi, kwa kuwa jambo la namna hiyo linataka mikono isiyobabaika. Tulikaa na binti kwenye benchi nyuma ya stoo, jua likiwa usoni kwetu na yeye amelipa mgongo, ili aone kila kitu bila kukunja macho. Mwalimu hakuzungukazunguka. Hakusema bibi amelala wala amesafiri, kwa sababu mtoto angemsubiri aamke, au arudi. Alisema amekufa, akaeleza ugonjwa, akaeleza siku. Binti alikaa, akauliza aliumwa lini, nani alikuwa naye, watoto wa mjomba wanajua? Halafu akauliza swali ambalo naona ndilo alilokuwa amelishikilia tangu mwanzo: mimi ndiye wa mwisho kujua?

"Hapana," mwalimu akamjibu. "Bibi amekufa jana. Wote wamejua jana. Wewe leo."

Ndipo alipolia. Tulimsindikiza akawahi kuanua matanga, na aliporudi aliwasimulia wenzake msiba mzima, waliokuja na wasiokuja, mpaka nani alirudia wali mara tatu. Nimeona wengine waliofichwa, wakaenda likizo wakakuta kitanda kitupu na ndugu waliokwisha kulia wakamaliza. Hao wanarudi shuleni Januari wamebadilika, na kila nauli ikitumwa kutoka nyumbani wanatuuliza nani amekufa.

Sasa niseme la usiku, maana mlezi wa bweni shule yake ni usiku.

Kanuni ilitaka taa zizimwe saa tatu na nusu. Katika bweni la watoto wanaosikia, hapo ndipo maongezi yanapoanza. Gizani wanapiga soga mpaka mkuu wa zamu agonge mlango. Kwa kiziwi, kuzima taa ni kumziba mdomo na masikio kwa pamoja. Mgeni akishtuka usiku wa manane haoni na hasikii, hajui kama kuna mtu chumbani au amebaki peke yake duniani. Tulikuwa na wengi waliokojoa kitandani, wakiwemo watoto wakubwa. Magodoro yalianikwa uani kila asubuhi na shule nzima ikajua la nani ni lipi. Walimu wengine walisema ni uvivu. Nilipokaa na watoto mmoja mmoja jibu lilikuwa lilelile: choo kiko mbali, baraza ni giza, naogopa.

Nikaomba taa moja ya barazani ikeshe. Mhasibu akanijibu kwa kile ambacho wahasibu wote hujibu siku hizi, LUKU. Nilikwenda nikapiga hesabu nikamrudia: taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa 10 usiku kucha, uniti moja ya umeme inatosha siku 20. Sabuni ya kufulia yale mashuka ilikuwa inatugharimu zaidi. Taa ikakesha, na kamba ya kuanikia magodoro ikaanza kupata nafasi.

Kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye mwongozo wowote nilioupata. Ukipita zamu na tochi, usimmulike mtoto usoni. Jimulike wewe kwanza, uso na mikono, ili akiamka aone ni nani. Ukimwamsha, tikisa kitanda upande wa miguu au gusa bega, usimvute shuka. Usimtokee nyuma. Watoto walioruka na kupiga ngumi walipoguswa ghafla walikuwa wanaandikwa kwenye daftari la nidhamu kuwa ni wakorofi. Na umeme ukikatika, acha waende vitanda vya wenzao. Niliwakuta wameketi wawiliwawili, mmoja amefumbata mikono ya mwenzake, wanaongea kwa kupapasa.

Chini ya ile taa ya barazani palitokea jambo ambalo sikulipanga. Wakubwa walikuwa wanakaa na wadogo wanawasimulia: sinema waliyoiona mjini, ugomvi wa mpira, mwalimu fulani anavyotembea. Wageni walioingia Januari bila alama hata moja, kufikia Pasaka wanatania. Darasani tuliwafundisha majina ya vitu. Kutania, kulalamika, kuona wivu na kuomba radhi walifundishwa pale.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba historia nzima ya lugha ya alama imepita njia hiyo. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba mtoto kiziwi afundishwe kutazama midomo na kutamka, na alama ziachwe. Wengi waliopiga kura walikuwa wanasikia. Uamuzi huo ulitawala shule za viziwi duniani kwa karibu miaka mia, nasi tulirithi mawazo hayo. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, 1974, na ya Mwanga, Kilimanjaro, 1981; kila mahali watoto walijenga alama zao wenyewe mabwenini na viwanjani, mpaka wa shule moja wakikutana na wa nyingine wanaanza kwa kuulizana. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilitoa kamusi ya lugha ya alama mwaka 1993. Wakenya walikwenda mbali zaidi: Katiba yao ya 2010 inaitaja lugha yao ya alama kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, ila nenda polisi au zahanati ukatafute mkalimani uone.

Hilo la polisi silitaji kwa bahati mbaya. Mtoto asiye na lugha ni rahisi kuumizwa na mtu anayejua hatasemwa. Kila mtoto wetu alifundishwa alama za viungo vyote vya mwili, vyote, bila aibu, na alijua watu wazima wawili ambao angeweza kuwaendea saa yoyote na kuambiwa: nimekuamini. Wazazi wengine walikuja juu kwamba tunawafundisha watoto matusi. Hatukuacha.

Siku moja mvulana wa darasa la pili aliniuliza kwa alama: nikiwa mkubwa, nitaanza kusikia lini? Nilidhani anatania. Alikuwa hatanii, alikuwa amefanya hesabu. Katika maisha yake alikuwa ameona watoto viziwi wengi na hakuwahi kumwona mtu mzima kiziwi, basi bila shaka ukikua inakwisha. Nilipouliza darasani nikakuta wengine wamefikia jibu baya zaidi, kwamba viziwi hufa kabla hawajakua. Walikuwa wanaishi na jambo hilo, wanacheza mpira, wanakula, wanalala nalo.

Tangu hapo tukawa tunaalika watu. Fundi seremala kiziwi aliyekuja kutengeneza madawati alizungukwa mpaka akashindwa kazi: una mke? anasikia? watoto wako je? unalipwaje wasipokuelewa? una simu? Alijibu yote, na la malipo alilijibu kwa kutoa daftari lake la hesabu akawaonyesha. Ukutani tulibandika picha ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, aliyekwenda Ghana mwaka 1957 akafungua shule ya viziwi, kisha akaendelea nchi baada ya nchi za Afrika mpaka shule alizofungua zikapita thelathini. Alikufa kwa ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987. Nilitegemea watoto waguswe na idadi ya shule. Wao walitaka kujua alikuwa anajuaje ndege yake ikitangazwa.

Wenye usikivu hafifu nao wanasahaulika kabisa, kwa sababu wanaonekana wanaweza. Mtoto amepewa shimesikio, basi kila mtu anadhani ametengenezwa. Kifaa kile kinakuza sauti zote: ya mwalimu, ya kiti kinachoburutwa, ya mvua kwenye bati. Kile kipande kinachokaa sikioni kikianza kubana au kulegea kwa kuwa sikio limekua, kinapiga mluzi, darasa zima linageuka. Mvulana mmoja aliyehamia kwetu kutoka shule ya kawaida alikuwa amekificha chake ndani ya soksi muhula mzima huku mama yake akijinyima kununua betri. Alituambia kwamba kule alikuwa anakaa mbele akimsoma mwalimu midomo, na mwalimu alikuwa anaongea huku anaandika ubaoni. Ikifika saa nane mchana kichwa kinamgonga, analala, anaitwa mzembe. Alipofika kwetu nako, viziwi wenzake wakamwita msikiaji. Alichohitaji kwanza kilikuwa ruhusa ya kuvua kile kifaa mchana apumzike bila mtu kumuuliza. La pili lilikuwa wenzake wawili wa hali yake, na hao walipatikana.

Inasemwa sana kwamba viziwi wana hasira. Mimi nimewaona wakikasirika kama unavyoweza kukasirika wewe ukirudi chumbani ukakuta kitanda chako kimehamishwa na hakuna aliyekueleza kwa nini. Hilo lilitokea kweli, mtoto akavunja kioo, akaadhibiwa kwa kioo. Kitanda kilikuwa kimehamishwa kwa sababu paa linavuja. Ingechukua dakika moja kumpeleka akaone paa.

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, tulikuwa na muda mfupi sana wa kuwaeleza. Tulichora, tuliigiza kirusi, tulionyesha kunawa. Waliokuwa na lugha walielewa. Wale wa Januari waliona kalenda zao zinaachwa ukutani kabla picha ya mama haijafikiwa, wakapelekwa nyumbani kwa watu waliofunika midomo. Shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni, wengine ilibidi waanze upya kutuamini. Mmoja alikuja na kalenda yake mwenyewe kutoka nyumbani, ameifuta kila siku, akatuonyesha ukurasa kwa ukurasa kwamba sisi ndio tuliochelewa.

Likizo ndizo zinazowashangaza wageni. Juni na Desemba, wakati watoto wengine wanaruka, wetu walikuwa wanalia kwa kuondoka shuleni. Wanajua wanakokwenda ni wiki kadhaa za kupungiwa kiganja. Siku ya wazazi tuliweka somo la alama la asubuhi nzima, na waliohudhuria wengi walikuwa mama. Akina baba walisimama chini ya mwembe wakisubiri chakula.

Simu za video zimesaidia kuliko semina nyingi nilizokalishwa. Mama mmoja muuza mboga alikuwa anapiga kila Jumapili. Mwanzoni maswali yalikuwa yaleyale: umekula? unaumwa? unasoma? Binti anajibu ndiyo, hapana, ndiyo, simu inakatwa. Nikamwambia, mama, huyu mpe umbea. Mpe ya mtaani kama unavyompa dada yake. Alama alizojua hazikutosha, akaanza kubuni. Jumapili moja akasimulia kwamba mbuzi wa jirani ameingia dukani kwa Mangi akala unga. Mbuzi alimtengeneza kwa kuvuta ndevu kidevuni. Mabinti waliojazana nyuma ya simu wakaelewa ni mzee. Mzee kaingia dukani kapiga magoti anabwia unga! Walianguka kwa kicheko. Mama akaona anachekwa, akakunja uso, akarudia, safari hii akiongeza pembe. Binti akaacha kucheka, akasogeza simu karibu, akamuuliza Mangi amelipwa shilingi ngapi, na nani alilipa, na jirani amesemaje.